Flati ya ghorofa la zamani mjini Mwanza au kiwanja Buswelu? Hesabu zetu za miezi minne

Nianze na hela maana ndo zinaamua mengine yote. Tulikuwa na milioni 60, nusu ni akiba ya mke wangu ya biashara ya vitenge pale Makoroboi na nusu ni mgao wangu wa shamba la marehemu baba, na benki ilishasema kwa mshahara wangu inaweza kunikopesha kama milioni 35 juu yake. Ukitembea na hela hiyo Mwanza madalali wanakuonyesha vitu viwili ambavyo havifanani hata kidogo. Cha kwanza ni flati ya vyumba viwili na sebule kwenye yale maghorofa ya zamani ya mjini kati unayoyajua, ghorofa tatu bila lifti, chini fremu za maduka, juu watu wanaishi, ukutani kwa mbele wameandika kwa sementi mwaka wa ujenzi. Mwenye nayo anataka milioni 85, maongezi yapo. Cha pili ni kiwanja Buswelu kule pembezoni mwa jiji, mita 20 kwa 30, milioni 14, afu inayobaki ujenge mwenyewe.

Apatimenti mpya za Capri Point na Isamilo sizigusi, bei zake zilituangalia tukaangalia pembeni.

Kila ndugu ana ushauri wake bure. Kwetu Usukumani mtu mzima asiye na uwanja wake wa kufagia bado hajaeleweka, shangazi yangu aliposikia nawaza flati akaniuliza, "Sasa mwanangu, ukifa tutakuzika kwenye ngazi?" Tukacheka wote ila mke wangu hakucheka sana, maana yeye ndo aliyekuwa anaitaka flati. Anafungua biashara saa moja asubuhi, anafunga saa mbili usiku, na kwa flati ile ni dakika kumi kwa mguu mpaka kwenye meza yake.

Swali la mzee wa juu

Siku ya kwanza kuiona nilipanda na dalali (nimempa elfu kumi ya kuonyeshwa, hiyo haina mjadala siku hizi). Flati ni nzuri jamani, tusidanganyane. Dari liko juu sana, kuta nene, saa nane mchana jua la Mwanza linawaka nje lakini ndani kuna ubaridi ambao nyumba yangu ya kupanga Mabatini haiujui. Sakafu ya teraso, ukiisugua inarudi kama mpya. Baraza dogo mbele, ukisimama unaona kipande cha ziwa katikati ya mapaa mawili. Nikaanza kupanga makochi kichwani.

Tunashuka tukakutana kwenye ngazi na mzee mmoja mstaafu anayekaa ghorofa ya juu kabisa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza nimekuja kununua? Nikasema ndio mzee, naangalia tu. Akaniuliza tena, "Umeuliza paa ni la nani?" Dalali akadakia kwamba mzee naye anapenda utani, tukashuka. Ila lile swali halikuniacha, na leo nakwambia kwamba kati ya yote niliyoyasikia kwa miezi minne hakuna lililonisaidia kama hilo. Kwa sababu ukinunua flati hujanunua vyumba vyako tu. Paa, ngazi, tanki la maji, pampu, bomba la majitaka, shimo, kuta za nje na zile nguzo zinazopita katikati ya duka la mtu kule chini, vyote umenunua kipande. Swali ni kwamba hicho kipande kimeandikwa wapi, na wenzako wenye vipande vingine ni watu gani.

Karatasi, hapa usikimbie

Sheria ipo, inaitwa Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008. Kwa sheria hiyo flati moja ndani ya jengo inaweza kuwa na hati yake inayojitegemea, ramani ya jengo zima inasajiliwa ikionyesha kila sehemu, kila mwenye flati anakuwa na fungu lake kwenye maeneo ya pamoja, na wamiliki wanakuwa na chombo chao cha kusimamia hayo maeneo. Hati hiyo unaweza kuipeleka benki ukakopea. Freshi kabisa.

Tatizo ni kwamba maghorofa ya mjini kati yalijengwa miaka mingi kabla ya hiyo sheria, na mengi yana hati moja tu ya kiwanja kizima. Na hapo lazima ujue historia kidogo la sivyo utaibiwa mchana kweupe. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani kuanzia shilingi laki moja, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, afu 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa ambalo lenyewe lilikuwepo tangu 1962. Ndo maana ukitembea mjini kati ghorofa hili ni la shirika, linalofuata ni la familia ambayo haikuguswa, la tatu ni la familia moja iliyokuja kulinunua baadaye. Kwa nje yote yanafanana, rangi imechubuka sawasawa.

Sasa kwenye majengo ya shirika kuna biashara ya kilemba. Mpangaji anaondoka, anakuachia nafasi, unampa hela nene anasema "nakuuzia flati". Hajakuuzia kitu, amekuuzia upangaji wake, na hata huo sio wake kuuza. Binamu yangu alitoa milioni 12 za kilemba miaka ile akidhani kanunua nyumba kwa bei ya kutupa, mpaka leo tukikaa kwenye vikao vya familia hatutaji. Kwahiyo ukisikia flati ya mjini bei ya chini kuliko kiwanja cha Nyegezi usishangilie, uliza hati.

Flati yetu ile ya baraza la ziwa ilikuwa ya familia. Nikamlipa wakili akafanya upekuzi ofisi ya ardhi, wenyewe wanaita sechi, na majibu yakaja na mambo matatu. Moja, hamna hati za flati, kuna hati moja ya jengo zima. Mbili, jina lililopo kwenye hati ni la mzee aliyekwishafariki, na huyu anayetuuzia ni mtoto wake mmoja kati ya watano. Msimamizi wa mirathi ameteuliwa ndio, lakini sio yeye! Tatu, muda wa hati. Ardhi iliyokuwa ya umiliki wa kudumu enzi za mkoloni iligeuzwa mwaka 1963 ikawa ya miaka 99, na hiki kiwanja kilikuwa mojawapo, kwahiyo hati inaisha 2062. Ukisikia 2062 unaona mbali, ila mtoto wangu wa mwisho ana miaka sita, siku hiyo atakuwa hajafikisha hamsini. Muda unaweza kuombewa upya, sawa, lakini kwenye jengo lenye watoto watano wa marehemu na wanunuzi wa vipande ambao hawako kwenye karatasi yoyote, nani ataenda kuomba na kwa jina gani?

Tukaiacha. Mke wangu alinuna wiki nzima, na mimi sikumlaumu.

Buswelu nako karatasi sio kwamba ni tambarare. Pale kuna viwanja vilivyopimwa vyenye namba na kitalu na hati mkononi, kuna vyenye barua ya toleo tu (ya kugawiwa kiwanja, hati bado), na kuna ambavyo unaonyeshwa mche wa mwarobaini unaambiwa mpaka ni huu. Cha kwetu kilikuwa kimepimwa, mawe ya mipaka yapo manne, nikaenda nayo hatua kwa hatua na mpima ardhi niliyemlipa mwenyewe na sio wa muuzaji. Upekuzi ukarudi msafi siku chache tu, jina moja, mtu yuko hai, hana mkopo juu yake. Kwa karatasi basi Buswelu ilishinda, ilishinda kwa mbali, na nawaambia hata wewe usiye na muda wa kuhangaika na mawakili kiwanja kilichopimwa chenye hati ni rahisi kukielewa kuliko flati yoyote ya jengo la zamani. Kuna sharti moja tu watu wanalisahau, hati za viwanja zinakutaka uendeleze ndani ya miezi 36, sio ununue ukaweke kibanda cha mlinzi miaka kumi.

Na kote kuwili, muhuri wa serikali ya mtaa sio uhamisho wa hati. Utasaidia kumjua muuzaji na majirani, basi. Uhamisho unafanyika ofisi ya ardhi, kuna uthamini, kuna kodi ya ongezeko la mtaji asilimia 10 ya faida ambayo ni ya muuzaji (atajaribu kukutupia wewe, ishike kwenye mkataba), kuna ushuru wa stempu asilimia 1, kuna ada za usajili na hela ya wakili. Na kama muuzaji ana mke au mume na ndo nyumba ya familia, bila ridhaa yake iliyosainiwa mauzo yanaweza kuvunjwa. Usikubali kuambiwa mama yuko safari atasaini akirudi. Subiri arudi.

Zege, nondo, na mvua ya Aprili

Ghorofa la zamani likaguliwe siku ya mvua. Mimi ya pili niliyoipenda, nakuja kuielezea hapo chini, nilienda kuiona Aprili mvua ikiwa inamwagika tangu alfajiri, dalali akaniona kama nimechanganyikiwa. Kwa bahati Mwanza hatuna chumvi ya bahari, maghorofa ya umri huo kule Tanga au Dar upepo wenyewe unakula nondo. Huku ziwa letu ni maji baridi, adui ni maji yanayosimama juu ya paa la zege halafu yanajipenyeza taratibu. Angalia chini ya dari la ghorofa ya juu na chini ya mabaraza. Ukiona michirizi ya kahawia ujue nondo imeanza kutu, ukiona plasta imebanduka na nondo inachungulia hapo hela ishakuwa nyingi, kutu inavimba na kupasua zege kutoka ndani. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta zisikutishe. Ufa unaokatiza ukuta kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, au ambao kidole kinaingia, mwite mhandisi. Tetemeko la Kagera la Septemba 2016 lilisikika mpaka huku kwahiyo kila mwenye jengo atakwambia ufa wake ni wa tetemeko, hata ule wa mwaka jana.

Afu shuka chini kwenye fremu. Hapa ndo watu hawaangaliagi. Mwenye duka anataka nafasi zaidi, anavunja ukuta, anachimba stoo, anabandua kinguzo anachokiona kinamsumbua. Ghorofa lililoanguka Kariakoo Novemba 16, 2024 lilikuwa na watu wanachimba chini kuongeza sehemu ya biashara, na waliokufa walipita ishirini. Ukiwa ghorofa ya pili usingizi wako uko mikononi mwa mtu wa chini anayeuza simu. Nimeingia kila duka la lile jengo nikijifanya nanunua chaja, nikahesabu nguzo. Nina chaja nne nyumbani sasa.

Umeme na maji nako. Waya za zamani mtafutie fundi umeme azifungue, usiridhike na taa kuwaka. Uliza kama flati ina mita yake ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, au unachukua kwa sabumita ya mtu, maana tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU na mkiwa watu watatu mita moja mtagombana mpaka na hiyo. Mabomba ya chuma ya zamani yameziba kutu kwa ndani, fungua bomba la jikoni na la chooni kwa pamoja uone kama moja linakufa. Jengo likiwa na mita moja ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, uliza nani analipa na bili ya mwisho uione kwa macho. Choo, vuta maji mara tatu mfululizo. Kama jengo limeunganishwa kwenye mfumo wa majitaka wa jiji umepona, kama ni shimo uliza gari la kunyonya linaingilia wapi, kuna jengo moja shimo liko katikati ya ua na pembeni wamejenga stoo, gari halifiki, mpira wenyewe haufiki. Na kama liko chini karibu na Mto Mirongo waulize wenye fremu kuhusu mvua kubwa, watakuonyesha mstari wa matope ukutani bila hata kuombwa.

Sasa Buswelu hayo yote huna, una mengine. Msingi. Mwanza ni mji wa mawe, kiwanja unachokiona kina udongo mzuri juu ukichimba futi mbili unakutana na jiwe, na kijijini wanajua kulichoma moto mpaka lipasuke ila kila siku ya kuchoma ni ya kulipa. Rafiki yangu alimaliza bajeti ya kuta akiwa bado kwenye msingi kwa sababu kiwanja kimeinama, upande mmoja mawe kozi mbili na upande wa pili kozi saba. Afu kuna nguzo za umeme kama jirani yuko mbali, kuna bomba la maji la kuvuta, kuna kibali cha ujenzi pale halmashauri ya Ilemela ambayo makao yake yako hukohuko Buswelu, hilo angalau ni jepesi. Tulipiga hesabu ya nyumba ya vyumba vitatu ya kawaida na fundi tunayemwamini, hela yetu inafika kwenye paa na madirisha bila milango, bila vigae, bila uzio. Tungehamia kwenye pagale. Watu wanahamia kwenye pagale kila siku na hakuna aliyekufa, ila kodi ya nyumba ya kupanga ingekata mshipa tukiwa bado tunajenga na hicho ndo kilinifanya nifikirie upya, maana mkopo wa benki wenye riba ya tarakimu mbili kwenye nyumba ambayo hujaanza kukaa unaumiza mara mbili.

Daftari la michango

Ile ya pili basi. Jengo jingine, la zamani vilevile, flati tisa, ghorofa ya kwanza, wenyewe walishahangaika miaka ya nyuma wakapima jengo na kila flati ina hati yake ya sehemu. Bei milioni 92 ikashuka 88. Haina baraza la ziwa. Inaangalia ukuta wa jengo jingine na kopo la takataka, tuseme ukweli.

Hapa niliomba kitu ambacho muuzaji hakukitegemea, nikasema naomba kuona daftari la michango ya jengo. Kila flati inachanga elfu 50 kwa mwezi. Mweka hazina ni mama mmoja mtu mzima wa ghorofa ya pili, akanikaribisha chai, akafungua daftari, nikasoma majina na tarehe kama nasoma barua ya posa. Flati saba wanalipa, wawili wanachelewa lakini wanalipa, hakuna aliyeacha kabisa. Kwenye lile jengo la kwanza nilimuuliza mzee wa juu wanachanga vipi, akacheka tu.

Nikapiga kikokotoo pale pale. Flati tisa mara elfu 50 mara miezi 12 ni milioni 5 na laki 4. Mlinzi laki mbili kwa mwezi, usafi elfu 80, umeme wa pampu na taa za ngazi elfu 60, kwa mwaka inafika milioni 4 na elfu 80. Inabaki milioni 1 na laki 3 na elfu 20. Paa linahitaji kusafishwa na kupigwa lami upya, na fundi waliyemwita alisema milioni 18. Kwa akiba hiyo ni miaka kumi na tatu na zaidi, na paa halitasubiri. Kwahiyo mapema tu itakuja siku ya kila flati kutoa milioni mbili. Hiyo milioni mbili nimeihesabu kama sehemu ya bei na nimemwambia muuzaji hivyo, ndo ilivyoshuka mpaka 88. Na bishano lipo tayari, mwenye fremu za chini anasema mvua haimfikii yeye, kwanini achangie paa? Mama mweka hazina akamjibu kwenye kikao, "Basi na sisi tusichangie msingi." Nilimpenda hapohapo.

Nadhani hapo ndo tofauti kubwa ya hivi vitu viwili ilipo. Buswelu paa ni lako peke yako, likivuja unapanda mwenyewe, hukai kikao na mtu. Lakini barabara ya kufika kwako sio yako, mtaro sio wako, na hakuna daftari la kulisoma kabla ya kununua ujue lini greda litapita. Ile lami ya Sabasaba mpaka Buswelu imesaidia sana, ila kutoka kwenye lami kuingia kwenye kiwanja chetu ni kama kilomita na nusu ya vumbi na bodaboda usiku inapanda bei. Nauli zetu sisi wanne pamoja na bodaboda za usiku za mke wangu tulizihesabu zikafika laki moja na elfu themanini kwa mwezi, yaani michango ya jengo mara tatu na zaidi.

Nani achukue nini

Kama una wazee unakaa nao usinunue juu. Mama mkwe ana magoti, alipanda ngazi za flati ya kwanza akakaa katikati akasema mniache hapahapa mtanikuta. Ghorofa ya kwanza anaimudu kwa kupumzika mara moja. Kama unafuga, kama una gari ambalo hutaki lilale barabarani, kama una watoto wa kucheza mpira na hupendi kelele za spika za maduka kuanzia saa mbili asubuhi, nenda zako Buswelu, Kisesa au Buhongwa, usitafute ushauri kwa mtu. Kama hela yako inakuja kidogo kidogo pia, kiwanja kinakuvumilia, unajenga ukipata, flati inataka hela yote siku moja.

Kama kazi yenu ni ya mjini, wote wawili, na hela iko mkononi, flati yenye hati ya sehemu na wamiliki wanaochanga naiona ina akili kuliko watu wanavyoidharau. Hata ukihama inapangishika wiki hiyohiyo, wafanyakazi wa hospitali ya Bugando, wafanyabiashara wanaotoka visiwani. Ila bila hati ya sehemu, hata wakupe kwa milioni 40, mimi simo. Naisema kwa mkazo kwa sababu karibu niingie.

Kuna dalali mmoja ambaye yeye hataki hata kimoja kati ya hivi, kila siku ananitumia picha za viwanja vya ziwani, "upepo bure, samaki bure". Sheria ya mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mwaka 2020 na tena 2024 ziwa lilipanda likafuata watu sebuleni, kwahiyo hiyo nimemwachia. Siku hizi amehamia kwenye viwanja vya "karibu na daraja" tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025, picha ile ile nadhani, kabadilisha maneno tu.

Sisi tunachukua ile ya ghorofa ya kwanza inayoangalia kopo la takataka. Kishika uchumba, ile hela ya kushikilia nyumba, sikutoa hata mia, wakili kasema hela yote inapita benki kwenda kwenye akaunti yenye jina lililopo kwenye hati, muuzaji kalalamika kidogo akakubali. Shangazi nimemwambia kiwanja cha kuzikwa kipo kijijini asihofu. Mke wa muuzaji anatoka Musoma Jumatatu kuja kusaini ridhaa yake mbele ya wakili, na mimi nimemwita fundi wangu apande juu ya paa Jumamosi, kabla ya hapo. Mama mweka hazina ameshanipa funguo ya mlango wa juu, kasema nipande nae taratibu, kuna vigae viwili vimelegea kwenye ngazi ya mwisho na hivyo navyo vinasubiri mchango.